Kiporo

Alikuja Jumanne na kikapu cha ukindu,
ndani yake chupa iliyovishwa soksi,
soksi ya marehemu Stavro, ya michirizi ya bluu.
"Isimamishe hadi kesho," alisema Bi Despina.
"Usiitikise. Usiitie frijini kama bia."
Kisha, akishuka ngazi za hoteli moja moja:
"Daktari wa Bombo kaniambia nisiweke viporo."

Nikaisimamisha stoo, nyuma ya gunia la mchele,
nikaifunika khanga mbichi,
maana Tanga ya Februari huivisha hata kisichotaka kuiva.
Mabega mapana. Karatasi imeliwa na mende,
jina la shamba limebaki herufi tatu,
lakini mwaka ulisomeka:
mwaka tuliopanga foleni ya sabuni Barabara ya Nane,
huko Bordo zabibu zilikuwa zikishiba jua.

Mimi ni mtoto wa mgema.
Baba yangu, Semkiwa wa Pongwe, alikwea minazi kumi na minne kwa siku,
na tembo lake nililijua kwa saa zake:
alfajiri tamu, hata mzazi angepewa,
adhuhuri linachemka, linauma ulimi,
magharibi kali, la wanaume wasio na haraka ya nyumbani,
kesho yake siki, la kuloweka pilipili.
Siku moja, maisha yote.
Basi nilipoingia kazi hii nikaambiwa
kuna kinywaji hulazwa ubavu gizani miaka arobaini,
nilicheka mpaka mpishi akaacha kukata vitunguu.

(Wateja wa Jumamosi huitia divai Koka na barafu.
Sikatai. Pesa ni yao.)

Jumatano jioni umeme ukakatika, ikawa heri,
mshumaa niliutaka hata hivyo.
Kizibo kilivunjika katikati.
Nusu iliyobaki niliitoa
kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto wa mwenzake.
Nikamimina kwenye jagi, shingo ya chupa mbele ya mwali,
polepole, mpaka uzi mweusi wa mashapo uliponyemelea.
Hapo nikakoma.

Haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa rangi ya vigae,
pembeni imepauka kama ukingo wa mkeka wa msibani.

Alizungusha glasi, akaizamisha pua, akanyamaza.
Kisha akanisogezea nyingine:
"Kidole kimoja. Si wewe uliyenishikia taa?"

Kwanza zambarau, zile zilizokanyagwa chini ya mti.
Kisha kungumanga, tumbaku, ngozi ya tandiko.
Ulimini nikaungoja ukakasi,
ule wa bibo unaobana mashavu.
Haukuja. Ulikuwa umelainika
kama mpini wa jembe la bibi yangu.

"Stavro alisema tuifungue Irini akiolewa.
Irini akaolewa Melbourne, tukaletewa picha.
Akasema basi, mkonge ukipanda bei.
Akasema basi, mguu wangu ukipona."
Akakata kipande cha mbuzi, hakukila.

Dakika ya ishirini nikamjazia tena.
Alionja, akaiweka glasi mezani.
"Inaondoka," akasema.

Nikanusa. Zambarau hazipo. Tandiko halipo.
Ukaja ukali mwembamba ninaoujua tangu utoto,
wa kibuyu cha baba asubuhi ya pili.
Miaka yote ile ubavu, gizani, na soksi,
na saa yake ilikuwa ile ile ya mnazi wa Pongwe.

Tukainywa upesi, yeye ameketi, mimi nimesimama,
kama majirani wanaoanua nguo mvua ikipiga hodi.

Umeme ukarudi. Friji ikanguruma.
Bi Despina akaikunja soksi mara mbili,
akaitia mkobani, chupa akaiacha.

Ipo dirishani jikoni, mashapo yake chini.
Nimetumbukiza pilipili mbuzi saba.
Mpishi anauliza zitakuwa tayari lini.
Namwambia, Ijumaa tuonje.